Mrejesho: mvinyo wangu wa rozela umeiva, chupa zote salama

Wakuu habari zenu, narudi na mrejesho wa lile swali langu, niliuliza kama naweza kufunga mvinyo wa rozela kwenye chupa wakati bado unatoa vipovu kidogo mkanikataza kabisa, mkasema hamira bado inakula sukari na gesi ikikosa pa kutokea inapasua chupa. Basi nikauacha kwenye ndoo yake yenye mfuniko, ule mpira wa kutolea gesi umezama kwenye maji, mpaka vipovu vikakata na machicha ya hamira yakatulia chini, afu nikauhamisha taratibu bila kutibua. Haidromita (kile kipimo cha kuelea kinachoonyesha sukari iliyobaki) ikasoma 0.996 na siku zilizofuata hivyohivyo, yaani hamira imemaliza kula sukari, hapo ndo nikafunga.

Aisee rangi yake! Nyekundu safi inapitisha mwanga, uchachu wa rozela umebaki ila ile harufu ya hamira imeisha kabisa. Sukari niliweka gramu 200 kwa kila lita kwahiyo kilevi kinacheza kwenye asilimia 11 au 12, sio juisi hii.

Mkuu uliyesema niweke mdalasini kijiti kimoja tu, asante sana, umenoga. Chupa zingine nimeziweka gizani zizidi kukomaa.