Anayefunga sola nyumbani apunguziwe kodi? Wana Tanga tujadili

Mwalimu wa Makorora: Wadau, naleta hoja. Marekani, mtu aliyefunga sola kwake alikuwa akipunguziwa kodi ya mapato kwa asilimia 30 ya gharama, mpaka mpango huo ulipofungwa mwisho wa 2025. Uingereza wamefuta VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, kwenye sola za majumbani tangu Aprili 2022 hadi Machi 2027. Sisi jua linatuchoma bure toka saa moja asubuhi. Mimi nakatwa PAYE, kodi ya mapato ya mwajiriwa, kabla sijauona mshahara. Nikifunga sola kwa nini nisipunguziwe? Mgao wa umeme wa mwishoni mwa 2023 hatujausahau, watoto walisomea tochi ya simu. Anayepinga aje na hoja, mipasho tuwaachie wa taarabu.

Bi Tongoni: Shikamoo mwalimu. Hoja nzuri, kwako wewe unayekatwa. Mume wangu anavua, mie nauza mihogo ya nazi. PAYE hatuijui, sasa mtatupunguzia nini? Sola yangu ya taa tatu na kuchajia simu nililipa taslimu Ngamiani, na hakuna aliyeniuliza mshahara.

Fundi wa Barabara ya Tisa: Bi mkubwa kagusa penyewe. Nafuu ya kodi ya mapato inamfuata mwenye hati ya mshahara. Nafuu ya dukani inamfikia yeyote mwenye hela mkononi. Sheria ya VAT ya 2014 ilipotungwa iliziorodhesha paneli, chaji kontrola, inveta na betri za sola kuwa hazitozwi. Wazo zuri, ila angalieni kilichobaki nje ya orodha ile: waya, breka, vyuma vya kushikia.

Wiki jana nilikuwa juu ya paa Raskazone. Paneli ina miaka minne, haina hata mkwaruzo. Vibano vya chuma vimeliwa na chumvi, nati nikiigusa inasagika kama biskuti. Upepo mmoja wa kusi na mzigo wote uko kwa jirani. Nikamwambia mwenye nyumba aweke vya alumini na skrubu zisizoshika kutu, akaguna, maana hivyo ndivyo vyenye bei. Kwa mtu wa pwani nafuu ingeanzia hapo.

Hesabu za LUKU: Nitaudhi watu. Mwenye LUKU, ile mita ya kulipia umeme kabla, akitumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi analipa shilingi 100 kwa uniti. Weka VAT 18%, REA (wakala wa umeme vijijini) 3%, EWURA (wadhibiti wa nishati na maji) 1%, unapata 122. Uniti zote 75 ni shilingi 9,150. Kwa bei hiyo nani ahangaike na betri? Sola inamlipa anayevuka 75 mara kwa mara akawekwa kundi la juu, ambako kila uniti ni 292 kabla ya makato, kama 356 yakishaingia. Huyo ana AC. Kwa hiyo mwalimu, unataka tumchangie mwenye AC. Na kila uniti asiyonunua, ile 3% ya REA haiingii, na ndiyo inayosogeza nguzo vijijini.

Mwalimu wa Makorora: Mdogo wangu, AC naiona benki tu. Nyumba yangu ni ya Kiswahili, vyumba sita, ukumbi katikati, wapangaji wanne, LUKU moja. Kila mpangaji ana kafriji au feni, na pasi ya Jumapili usiku. Uniti 75 zinaisha kabla ya tarehe 15, kwa hiyo tumewekwa kundi la juu, na mama wa chumba cha nyuma analipia umeme bei ya huyo tajiri wako.

Hesabu za LUKU: Hapo umenishika, nakiri. Lakini dawa yake ni kila mpangaji mita yake, si sola.

Fundi wa Barabara ya Tisa: Kuvuta mita mpya mjini ni laki tatu na ushee. Kwa vyumba sita piga mwenyewe. Nani mwenye nyumba atatoa?

Mwalimu wa Makorora: Basi tufanye hivi. Kodi ya jengo tangu 2021 inakatwa humohumo kwenye LUKU. Aliyefunga sola isikatwe. Hakuna fomu wala foleni.

Hesabu za LUKU: Mwalimu, hiyo ni elfu moja na kitu kwa mwezi! Hata waya wa mita kumi hupati. Na nani atapanda paa kuhakiki kama sola ipo kweli au ni bati limeng'aa? Bora VAT, ila nayo isichezewe: Kenya waliirudisha kwenye sola 2020, wakaiondoa tena 2021. Mwenye duka ataagizaje mzigo hapo?

Bi Tongoni: Mnabishana LUKU, mie LUKU sina. Nguzo ya karibu naiona kwa mbali kama mlingoti wa jahazi. Betri yangu imevimba tumbo, jana saa mbili usiku taa zimezima watoto hawajala. Fundi, ya ampea 50 leo bei gani?

Fundi wa Barabara ya Tisa: Ya jeli au ya lithiamu? Ya jeli utaimudu, lakini ukiikamua kila usiku mpaka taa izime, mwaka wa tatu haifiki. Njoo kesho asubuhi tuzungumze, bi mkubwa. Na hiyo mbovu uje nayo, usiitupe pwani, kuna wanaonunua madini ya risasi yaliyomo. Tutaitoa kwenye bei.

Bi Tongoni: Haya, hiyo nafuu nimeielewa. Nakuja na basi la kwanza.