Baada ya Soto kuondoka, je, Yankees walizitumia fedha zao vizuri?

Swali

Ndugu zangu, heshima kwenu. Desemba 2024 Juan Soto, mpigaji nyota wa besiboli, aliiacha timu ya New York Yankees akasaini na majirani zao Mets mkataba wa miaka 15 wenye thamani ya dola milioni 765, ilhali Yankees walikuwa wamemwekea mezani dola milioni 760 kwa miaka 16. Katika majuma machache wakazigawa fedha hizo. Max Fried, mrushaji (anayemrushia mpigaji mpira) wa mkono wa kushoto, alipewa dola milioni 218 kwa miaka 8. Cody Bellinger akaletwa kutoka Chicago Cubs na Devin Williams kutoka Milwaukee Brewers. Paul Goldschmidt akasajiliwa kwa mwaka mmoja. Mimi nilimpenda sana Soto, na bado naumia. Je, watu wanne wanaweza kuziba pengo la mtu wa aina yake?

Jibu la kwanza

Pengo lake katika upigaji halikuzibwa, tusidanganyane. Msimu wa 2024 alipiga homurani 41 (mapigo yanayovusha mpira nje ya uwanja), na juu ya hapo ana jicho la kuiacha mipira mibaya ipite hadi apewe kituo cha kwanza bure, ili Aaron Judge, aliyemfuata kwa zamu, amkute tayari yuko kituoni. Lakini irudie awamu ya tano (kati ya tisa) ya mchezo wa tano wa fainali dhidi ya Dodgers, Oktoba 2024. Yankees wanaongoza 5-0. Judge anaangusha mpira uliomjia mkononi, Anthony Volpe anarusha vibaya kuelekea kituo cha tatu, kisha mrushaji Gerrit Cole anashindwa kukimbilia kituo cha kwanza, na matokeo yanakuwa 5-5. Timu ile ilikuwa na Soto. Iliangushwa na udakaji, na ndiyo maana nilifurahi kumwona Bellinger, ambaye hulinda vizuri sehemu ya nje ya uwanja na kwenye kituo cha kwanza. (Baba yake, Clay, naye aliwahi kuichezea Yankees.)

Jibu la pili

Nakubaliana nawe kuhusu Bellinger, ila suala la Williams linanisikitisha. Kumpata mrushaji wa kumalizia michezo aliyebakiza mwaka mmoja tu wa mkataba, Yankees walimtoa mrushaji Nestor Cortes pamoja na kijana Caleb Durbin. Williams aliyumba mwaka 2025, kisha naye akaenda Mets, wakati Durbin alikwisha kuwa mlinzi wa kudumu wa kituo cha tatu huko Milwaukee. Kosa hilo si geni: mwaka 2023 walitoa wachezaji watano, akiwemo mrushaji Michael King, kwa ajili ya Soto, ambaye mkataba wake ulikuwa umebakiza msimu mmoja tu.

Jibu la tatu

Mimi namtetea Fried. Machi 2025 Cole alifanyiwa upasuaji wa kiwiko akakosa msimu mzima, na bila Fried sijui nani angeubeba mzigo wa kuanza michezo kama mrushaji; alishinda 19. Yankees walimaliza na ushindi 94 kabla ya kutolewa na Toronto Blue Jays, ilhali Mets, pamoja na homurani 43 za Soto, walishinda 83 na kukosa mchujo kabisa.

Muuliza swali

Nawashukuru. Habari za Durbin sikuwa nimezipima hivyo, na sasa zinaniuma kuliko za Soto.