Mashine ya mayai 56 au mitetea wa kuatamia: nichague njia ipi?

MpendaVifaranga
Habari za jioni, wanajukwaa. Naomba ushauri wenu kabla sijatoa fedha mwisho wa mwezi huu. Kwa muda mrefu nimekuwa nikitotolesha vifaranga nyumbani kwa kutumia mitetea wa kienyeji, na shughuli hii niliyoianza ili kupata kitoweo imenishika kiasi kwamba nyumba ikikosa mayai yanayoatamiwa nakosa raha kabisa. Siku ya saba nasubiri kwa hamu giza liingie nimulike mayai kwa tochi na kuiona ile mishipa ya damu iliyotanda kuzunguka kiini, na siku ya ishirini sitaki safari wala mgeni. Sasa duka moja la hapa mjini linauza mashine ya kutotolesha mayai 56 inayogeuza mayai yenyewe, na kwa fedha hiyohiyo naweza kupata mitetea kumi na jogoo wao, nikabaki na akiba ya kujenga viota vizuri. Ipi ina manufaa zaidi kwa mtu wa nyumbani kama mimi?

FunduwaIringa
Ndugu, swali ni zuri, lakini umeacha nje mambo yote ambayo jibu linayategemea. Unaishi wapi, na umeme wa hapo hukatika kwa muda gani? Mayai unayapata kwa kuku wako mwenyewe au unanunua? Mashine hiyo inatumia umeme wa kawaida peke yake, au ina sehemu ya kuunganisha betri ya volti 12? Je, ina feni ya kuzungusha hewa? Tena hujatuambia vifaranga hao utawaweka wapi. Bila majibu hayo, kila mmoja hapa atakushauri kununua kile alicho nacho kwake.

MamaKanga_Pangani
Mwanangu, kabla hujamjibu fundi, nisikilize mimi. Mitetea kumi wanaweza kukufanyia kazi kuliko hiyo mashine, ila ni lazima uwaongoze waatamie kwa pamoja. Mtetea wa kwanza akianza kuatamia, mwekee mayai viza mawili matatu umuache hapohapo, na wa pili akianza mfanyie vivyo hivyo, hadi wafike wanne au watano. Usiku mmoja, waondolee wote yale viza na uwawekee mayai mazuri, kumi hadi kumi na mawili kila mmoja kulingana na ukubwa wa mwili wake. Wataangua pamoja, na vifaranga wote utawakabidhi kwa mitetea wawili walezi, kisha wale wengine utawapa chakula kizuri na kuwatenga na vifaranga ili warudi kutaga mapema. Huhitaji umeme, huhitaji kipimajoto, na kiota chenye majani makavu na majivu kidogo ya kuzuia utitiri kinatosha.

Na ukiwa na bata jike wa kienyeji, usimdharau. Bata huatamia mayai yake kwa siku 35, kwa hiyo siku 21 za kuku kwake ni muda mfupi, na mwili wake mkubwa unafunika mayai mengi kuliko mtetea.

MkaaziWaThika
Kwa heshima, mama, njia hiyo ni nzuri lakini kuku ndiye anayepanga ratiba, wala si mfugaji. Msimu wa baridi mitetea wangu hukataa kabisa kuatamia, na wengine huacha mayai siku ya kumi na mbili bila sababu yoyote ninayoiona. Mimi natumia mashine hapa Thika na sitarudi nyuma. Siku 18 za kwanza naweka nyuzi 37.5 na unyevu wa asilimia 50 hadi 55, halafu siku tatu za mwisho naacha kugeuza mayai na kupandisha unyevu hadi karibu asilimia 70 ili utando wa ndani ya ganda usikauke na kumbana kifaranga. Stima ikipotea, nafunika mashine kwa blanketi nikiacha matundu ya hewa wazi, na sifungui mlango hata kidogo.

MpendaVifaranga
Asanteni sana. Niko Kihonda, Morogoro. Umeme hukatika, mara nyingi kwa saa chache, ingawa wakati mwingine unaweza kupotea usiku kucha. Mashine ina feni na ina sehemu ya kuunganisha betri, japo betri yenyewe haiuzwi pamoja nayo. Nataka vifaranga wa kutosha kuendeleza shughuli na kuwauzia majirani wachache.

FunduwaIringa
Hapo sasa tunaweza kupiga hesabu. Nimepima mashine za ukubwa huo na nimekuta zikitumia karibu wati 80 zinapopasha joto, na kwa kuwa hazipashi muda wote, wastani unakuwa kama wati 40 ndani ya chumba kisicho na baridi kali. Betri ya volti 12 yenye uwezo wa ampea-saa 100 inabeba wati-saa 1,200, lakini ukiwa na betri ya asidi usitumie zaidi ya nusu yake, la sivyo itakufa mapema. Nusu hiyo itakupa takriban saa 15, na usiku wa Morogoro utapita salama. Kwa hiyo bei ya kweli ya mashine yako ni mashine, betri na chaja yake kwa pamoja, na hiyo ndiyo unayopaswa kuilinganisha na bei ya mitetea kumi.

Ngerengere_Kuku
Nimesoma yote haya na nimeona kuwa hakuna aliyemwambia ndugu yetu kuhusu vipimajoto vya mashine zenyewe, nami naona hilo ni kubwa kuliko suala la umeme. Nilinunua mashine ya aina hiyohiyo kwa muuzaji aliyenihakikishia kuwa imejaribiwa, nikafuata maelekezo yake neno kwa neno. Kioo kilionyesha nyuzi 37.8 asubuhi na jioni bila kuyumba. Nilipomulika siku ya saba, mayai mengi yalikuwa na mishipa, nikafurahi na kuwaambia watu wa nyumbani waandae bruda, yaani sehemu yenye joto ya kulelea vifaranga. Siku ya kumi na tisa, kabla hata sijahamishia mayai kwenye trei ya kuangulia, nikasikia mlio. Nilidhani ni baraka, lakini vifaranga waliotoka walikuwa wadogo, vitovu vyao havijafunga na bado vina unyevunyevu, na wengine vidole vimejikunja hawawezi kusimama. Waliobaki ndani ya maganda walikuwa wamekufa wakiwa wamekamilika, wengine kiini hakijaingia tumboni. Katika mayai ya mashine nzima, waliokua hadi kuwa kuku hawakujaza hata kapu dogo.

Mfugaji mmoja mzoefu alikuja na kipimajoto cha homa cha kioo, akakilaza katikati ya mayai na kufunga mlango. Kilipotolewa kilisoma zaidi ya nyuzi 39, wakati kioo cha mashine bado kiliandika 37.8. Joto likizidi, kifaranga hukua haraka kuliko mwili wake unavyoweza kujijenga, na ndiyo maana huangua mapema akiwa dhaifu. Likipungua, huangua kwa kuchelewa, akiwa mzito na ananata. Nilimrudia muuzaji, akasema tatizo ni mayai yangu. Fedha haikurudi. Kwa hiyo ndugu yangu wa Kihonda, usitoe shilingi kabla mashine haijawashwa mbele yako na kukaa kwa saa kadhaa ikiwa na kipimajoto kingine ndani.

MamaKanga_Pangani
Pole sana, baba. Ndiyo maana mimi nawaamini kuku. Mtetea hana kioo cha kunidanganya.

MkaaziWaThika
Pole, ndugu Ngerengere. Hata hivyo kipimajoto cha kioo chenye zebaki hakifai kuwekwa karibu na mayai na vifaranga. Kikivunjika ndani ya mashine, hutaweza kuisafisha vizuri, na mvuke wa zebaki ni sumu kwa watu wa nyumba hiyo pia. Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa kuhusu zebaki, ulioanza kutumika mwaka 2017 unaviondoa sokoni kwa sababu hiyo. Kuna vya kidijitali vyenye waya mrefu ambavyo vinafaa zaidi.

Ngerengere_Kuku
Nakubali kuhusu hatari yake, lakini vya kidijitali vya bei ya chini navyo vinatofautiana. Nimeweka vitatu mahali pamoja, kila kimoja kikasema lake. Cha homa kimetengenezwa kuwa sahihi katika eneo lilelile la joto tunalolihitaji. Basi kitumike kusahihishia vingine kisha kiondolewe.

DaktariMifugo_Dom
Naomba kurejea kwa mwenye mada, kwa sababu ameulizwa mayai anayapata wapi na hajajibu.

MpendaVifaranga
Samahani, daktari, lilinipita. Mengi nayaagiza Singida, kwa kuwa napenda kuku wa kule, na hunifikia kwa basi. Kwa kawaida nayaweka chini ya mtetea jioni hiyohiyo yanapofika. Chini ya nusu ndiyo huangua.

DaktariMifugo_Dom
Basi hapo ndipo pa kuanzia, na mashine haitakuondolea tatizo hilo. Yai lililosafiri kwa basi limetikisika, na ile nafasi ya hewa iliyoko upande wake butu inaweza kuwa imelegea. Yapumzishe saa 12 hadi 24 mahali penye ubaridi wa wastani, ncha iliyochongoka ikiwa chini, ndipo uyaweke kwenye joto. Muulize anayekutumia yalitagwa lini, kwa sababu yai likipita siku saba uwezo wake wa kuangua huanza kushuka, na katika joto la Morogoro hushuka haraka zaidi. Muulize pia ana mitetea wangapi kwa jogoo mmoja. Wakizidi kumi, tarajia mayai mengi yasiyo na mbegu. Wala usiyaoshe, kwani ganda lina ngozi nyembamba ya nje inayozuia vijidudu kupenya kwenye vitundu vyake.

Jambo la pili ni kwamba hujaeleza chanjo. Mitetea kumi wapya wanaweza kukuletea kideri nyumbani kwako siku ya kwanza. Watenge wiki mbili na uwachanje kabla ya kuwachanganya na wako. Kwa upande huo, mashine ina faida ambayo mama yangu wa Pangani hakuitaja: kifaranga wa mashine hapati utitiri wala chawa kutoka kwa mama yake.

MamaKanga_Pangani
Daktari, nakubali kuhusu chawa, lakini kifaranga wa mashine hana wa kumfundisha kuchakura wala wa kumfunika mwewe akipita. Ninyi mnamwangua, kisha mnaanza kutafuta mkaa na taa za kumpa joto la nyuzi 32 hadi 35 wiki nzima ya kwanza, na kulipunguza kidogokidogo kwa wiki nyingine kadhaa. Hiyo gharama haiko kwenye hesabu ya fundi. Nami nauliza: mtachagua vipi mitetea? Mimi huchagua mayai ya mviringo, kwa sababu yale yaliyochongoka sana hutoa majogoo.

DaktariMifugo_Dom
Mama, shikamoo, lakini hilo si kweli. Umbo la yai hutokana na mtetea aliyelitaga, na jinsia ya kifaranga haisomeki kwenye ganda. Chagua mayai yenye umbo la kawaida kwa sababu huangua vizuri zaidi, na utegemee karibu nusu wawe majogoo.

MamaKanga_Pangani
Marahaba, mwanangu. Nimeyasikia maneno yako, ila nimechagua hivyo tangu enzi za mama yangu na mitetea sijawahi kuikosa.

MkaaziWaThika
Nami ningependa kusikia watu wanasemaje kuhusu kumsaidia kifaranga kutoka. Wengine hapa hufungua ganda mara tu wanapoona tundu.

Ngerengere_Kuku
Kufungua ganda mapema ni kumuua. Baada ya kutoboa tundu la kwanza, kifaranga anaweza kukaa saa 24 akipumzika, akivuta kiini kilichobaki tumboni na damu iliyomo kwenye utando. Ukibandua ganda wakati huo, damu itatoka. Najua jinsi inavyouma kusikia analia ndani bila kusogea, na nimeketi mbele ya kioo usiku kucha zaidi ya mara moja, lakini mkono unapaswa kutulia. Naye akishatoka, asiondolewe mpaka amekauka.

MpendaVifaranga
Nawashukuru wote. Nimezungumza na mwenye duka, amekubali mashine iwashwe kutwa nzima nikiwa na kipimajoto changu, lakini bei ya betri imenirudisha nyuma. Wakati huohuo mtetea wangu mmoja ameanza kuatamia leo na mayai ya Singida yanafika kesho, kwa hiyo nitayapumzisha kama daktari alivyoagiza na kumuwekea viza kwa usiku mmoja. Ila kuna jambo lingine: jirani ameniahidi mayai ya kanga. Nikinunua mashine, naweza kuyachanganya na ya kuku, halafu kila wiki nikaongeza mengine ili nisikae bila kusubiri chochote?

FunduwaIringa
Hamu ya kuongeza mengine kila wiki naifahamu vizuri, na ndiyo inayoharibu mayai ya watu wengi. Kanga huchukua siku 26 hadi 28. Ukitaka waangue pamoja na kuku, weka ya kanga kwanza, kisha ya kuku wiki moja baadaye. Ukiongeza kila wiki, daima kutakuwa na mayai yanayohitaji unyevu mwingi na kutogeuzwa, yakikaa pamoja na yanayohitaji kinyume chake. Hapo utahitaji kisanduku cha pili cha kuangulia, hata cha mbao chenye balbu na themostati ya kudhibiti joto. Naweza kukuchorea, ila niambie kwanza chumba chako kina dirisha upande gani.

MamaKanga_Pangani
Kanga mwachie mtetea, mwanangu. Huyo jirani anauza mayai yake kwa bei gani?