Kabati lifunguliwe: tunalipia vifaa vya Montessori ambavyo watoto wetu hawavigusi

Wazazi wenzangu wa Kisumu,

Nimekasirika, na sitaficha. Kila muhula, juu ya karo, ninatozwa shilingi 6,500 za "vifaa vya Montessori" (vya mtoto kujifunzia kwa kuvishika mwenyewe) katika shule ambako binti yangu wa miaka minne anasoma PP1, darasa la kwanza la chekechea. Juma lililopita nilifika mapema kumchukua, nikakuta vifaa vyenyewe vimefungiwa katika kabati la kioo lenye kufuli, ilhali watoto wameketi wakinakili herufi kutoka ubaoni. Nilipouliza, nikajibiwa kwamba vifaa ni ghali, watoto wataviharibu, na kwamba hutolewa siku ya wazazi.

Siku ya wazazi! Kwani anayesoma ni mimi?

Laiti wenye shule wangejua historia ya jina walilolibandika langoni. Maria Montessori, daktari wa Italia aliyebuni mbinu hii ya kufundisha watoto, alipofungua nyumba yake ya kwanza ya watoto huko San Lorenzo, Roma, mwaka 1907, vifaa navyo viliwekwa kabatini na mwalimu ndiye aliyevigawa. Siku moja mwalimu alisahau kufunga, akaja kukuta watoto wamelizunguka kabati wakijichukulia. Yeye aliona wizi. Montessori aliona watoto wanaojua kuchagua, na tangu hapo vifaa vikawekwa kwenye rafu fupi ambazo mtoto anazifikia. Kosa lililosahihishwa Roma zaidi ya miaka mia moja iliyopita ndilo tunalolilipia hapa.

Nilisisitiza kabati lifunguliwe. Mnara wa waridi, ambao unapaswa kuwa na michemraba 10 ya mbao, mdogo ukiwa na upande wa sentimita 1 na mkubwa sentimita 10, una michemraba minane. Kando yake kuna mwingine wa plastiki, wa rangi mchanganyiko, wakati mnara halisi una rangi moja kwa makusudi, ili jicho la mtoto lishughulike na ukubwa pekee na mkono wake uhisi uzito ukipungua. Silinda zenye vishikio nazo zimepotea tatu. Kifaa hicho kimebuniwa ili mtoto akikosea, abaki na silinda isiyoingia katika tundu lililosalia, ajirekebishe bila kukemewa na mtu. Sasa mtoto aliyepanga sawasawa atabaki na matundu matupu, adhani amekosea.

Hoja ya gharama siikubali hata kidogo. Maseremala wa soko la Kibuye wanaotengeneza vitanda na makabati hawawezi kushindwa na fimbo 10 nyekundu za kujifunzia urefu, ya kwanza sentimita 10 na ya mwisho mita moja. Herufi za msasa, ambazo mtoto huzipapasa kwa kidole, zinahitaji msasa, gundi na vibao.

Nimeiandikia shule barua nikitaka vipande vilivyopotea virudishwe na kufuli iondolewe kabla ya muhula ujao, la sivyo nirudishiwe fedha zangu. Mliolipa ada kama hiyo, nendeni darasani siku ambayo hamkualikwa, mhesabu michemraba, kisha mniambie hapa mmeikuta mingapi.