Utafiti wangu wa ustawi wa jamii umelala maktaba, nifanyeje uwafikie wenye maamuzi?

Mwana wa Zabibu: Wakuu, heshima kwenu. Nimemaliza shahada ya uzamili ya ustawi wa jamii hapa Dodoma. Tasnifu yangu inahusu bibi wanaolea wajukuu katika vijiji vya pembeni. Nilichokuta ni kwamba wengi hawafiki kwa afisa ustawi hata mtoto akifanyiwa ukatili. Si kwamba hawajui. Nauli inakula hela ya unga, na wakifika wanaambiwa njoo kesho. Bibi mmoja aliniambia huku anapeta mtama, "Kabla yako alikuja mwingine, naye aliandika hivyo hivyo." Nakala moja ipo maktaba ya chuo, nyingine niliiacha halmashauri. Nianzie wapi ili ifanye kazi? Nawasilisha.

Kijana wa Area D: Karibu chamani mkuu. Yangu niliikuta imezuia mlango usijifunge kwenye ofisi fulani. Angalau ina kazi 😂

Ustawi Kata: Mimi ndiye huyo afisa unayemsema. Tasnifu nzima hakuna atakayeisoma. Toa kurasa mbili kwa Kiswahili cha kawaida: tatizo, ulichokuta, kifanyike nini, kwa shilingi ngapi. Halafu wahi. Bunge la bajeti linaanza Aprili na mwaka wa fedha Julai, halmashauri zinapanga mapema zaidi. Ukija Mei umekuja kushangilia. Na usituandikie "serikali iongeze juhudi". Andika: afisa ustawi akae kijijini siku ya mnada, mara moja kwa mwezi. Hilo mkurugenzi analiamua bila kusubiri sera.

Mama Ntyuka: Tafiti zinabadili mambo, mfano upo hapa hapa Chamwino. TASAF, ule Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, ilipojaribu kuzipa kaya maskini ruzuku ilianzia Chamwino, Bagamoyo na Kibaha. Vijiji 80: 40 vikapata, 40 vikabaki vya kulinganisha. Waliopata walionekana kujiunga zaidi na CHF, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, na kuongeza mifugo. Mpango ukaenda nchi nzima. Na ule utafiti wa ukatili dhidi ya watoto wa 2009 uliotolewa 2011, uliosema karibu wasichana 3 kati ya 10 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya miaka 18, nao ulichangia hadi tukapata MTAKUWWA, mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, ulioanza 2017/18.

Mzee wa Hoja: Hizo zilikuwa na Benki ya Dunia na UNICEF nyuma yake. Huyu ana flashi na nauli ya daladala.

Mama Ntyuka: Ndiyo maana asianzie wizarani, Mzee wangu. Kamati ya MTAKUWWA ya kata ipo. Akaombe nafasi kwenye kikao, hoja iingie kwenye muhtasari, hapo diwani anakuwa na karatasi ya kushika barazani.

Mwana wa Zabibu: Shukrani sana. Kurasa mbili naanza leo. Ustawi Kata, wakikubali hilo la mnada utakuja kweli?

Ustawi Kata: Ukiweka kwenye hizo kurasa mstari wa mafuta ya pikipiki, utanikuta nimeshafika.