Dawa za Kichina za kikohozi cha makohozi: ipi nimpelekee mama?

MzigoXiaobei: Habari zenu wapendwa. Niko Guangzhou kufuata mzigo, narudi Tanga Ijumaa. Mama ana miaka 67. Mafua yamekwisha ila kikohozi hakimwachi, wiki ya pili inakatika. Makohozi ni meupe na mengi, asubuhi ndiyo anateseka. Anameza dawa za presha. Dukani nimewekewa vitu vitatu: shira ya chuanbei pipa, vidonge vya er chen na vya qing qi hua tan. Mliokaa huku, nichukue ipi?

BintiMakorora: Shikamoo yake mama, pole sana. Nimesoma huku miaka mitano. Ukienda kwa mganga wa Kichina unakohoa, atakuuliza kwanza makohozi yana rangi gani na yanatoka kwa shida au kwa urahisi. Shira ya pipa ina majani ya mlokwati (mti wa matunda, Wachina huuita pipa), chuanbei (tunguu la ua la milimani) na asali. Ni ya koo kavu na makohozi machache yanayonata. Mimi imenisaidia kila msimu wa baridi. Qing qi ni ya makohozi ya manjano, mazito, mwenye nayo anahisi joto. Hiyo iache.

Ya mama, kwa desturi yao, ni er chen. Imeandikwa tangu enzi za wafalme wa Song, karne nyingi nyuma. Jina lina maana ya "vikuukuu viwili", yaani banxia (kiazi cha mmea wa dawa) na chenpi, kwa sababu vyote viwili husifiwa vikikaa. Chenpi ni maganda ya chenza yaliyokaushwa. Ya Xinhui, humu humu Guangdong, huwekwa miaka 3 na zaidi, na bei inapanda kadiri yanavyozeeka. Huongezwa fuling, uyoga unaoota kwenye mizizi ya misonobari, pamoja na gancao, mzizi mtamu.

Mfamasia_Moro: Dada ameeleza vizuri, ila presha imesahaulika. Huo mzizi mtamu ukitumiwa kwa wingi au kwa siku nyingi hufanya mwili ushike chumvi na maji, upoteze potasiamu, na presha ipande. Umo kwenye er chen, na shira nyingi za pipa nazo zinao. Kama mama anatumia vidonge vya kukojoza, navyo baadhi hupunguza potasiamu. Nisingempa.

Tena usinunue banxia ya kupimiwa kwenye gunia. Mbichi ni sumu, inachoma koo. Lazima iwe imetayarishwa kwa tangawizi au shabu. Ukiona mahuang (mmea wa efedra) kwenye paketi, rudisha, inapandisha presha. Ukiona madouling, kimbia kabisa. Ni tunda lililotumika tangu zamani kama dawa ya kikohozi, lakini ina asidi ya aristolokia, inayoharibu figo na kuleta saratani ya njia ya mkojo.

MamaWawili: Mimi wanangu nawachemshia peasi na sukari mawe, niliona kwa jirani Mchina. Peasi za Lushoto zinafaa kabisa. Asali natia kwa mkubwa tu, mdogo hajafika mwaka na asali kwake ni hatari.

BabaZuhura: Ndugu yangu, mtu akikohoa wiki mbili kwetu anapimwa TB kwanza. Siku zote hizo ulizobakiza hadi Ijumaa ni nyingi. Aende kituo cha afya kesho akatoe makohozi, kipimo na dawa zake ni bure. Akiwa na homa za jioni, jasho la usiku au anapungua, msingoje hata hiyo kesho.

MzigoXiaobei: Baba, umenigutusha. Nimempigia mdogo wangu, anampeleka asubuhi. Vidonge nimerudisha. Nimebaki na maganda ya Xinhui, robo kilo, mama anapenda chai ya viungo. Mfamasia, hayo nayo yana neno?

Mfamasia_Moro: Nitumie majina ya dawa zake za presha. Jamii ya machungwa huweza kugongana na baadhi. Nikishaziona nitakujibu, kwa sasa yakae kwenye begi.