Ushauri: nondo wa Usambara walitengana lini? Msimamizi anataka niandike miaka milioni 30

BintiChumbageni
Habari za jioni wakuu. Niko Tanga mjini, nimeshuka juzi kutoka Amani na nimekwama kweli, tasnifu inatakiwa mwezi ujao.

Iko hivi, nimekusanya nondo (wale wadudu wa usiku, sio nondo za kujengea) kule Amani (Usambara Mashariki) na wengine msitu wa Magamba juu ya Lushoto (Usambara Magharibi), taa na shuka jeupe hadi alfajiri na baridi ile, sasa ukiwaangalia kwa macho wa pande zote mbili ni walewale ila jeni ya COI (ile ya kurithi kwa mama, inayotumika kutambua spishi) inatofautiana karibu asilimia 9. Yani ni ndugu waliotengana zamani, zamani lini ndo swali. Msimamizi anasema milima ya Tao la Mashariki (safu ambayo Usambara imo) iliinuka miaka milioni 30 iliyopita kwa hiyo hiyo ndo niichukue kama tarehe ya kutengana afu nihesabu kutokea hapo. Mi roho haitaki, naona naweka jibu kabla ya swali. Lakini yeye ndo anasaini. Nifanyeje?

MzeeWaNgamiani
Binti yangu roho yako iko sawa, usiinyamazishe. Umri wa mlima sio umri wa mdudu. Hapa mjini kuna nyumba zimesimama tangu enzi za Mjerumani, ukimkuta mpangaji ndani utasema kaingia siku msingi unachimbwa? Milima ile ni mwamba wa kale na mvua ya Bahari ya Hindi imeitunza misitu yake hata nyakati ambazo bara lilikauka, ndo maana mule wakongwe wanaishi na waliozaliwa juzi.

Kibosho_Tz
Dada andika anachotaka upite, utasahihisha baadae.

MtafitiMuheza
Hapana, asiandike, maana namba yenyewe inagoma. Asilimia 9 kwa miaka milioni 30 ni asilimia 0.3 tu kwa kila miaka milioni 1. Kiwango cha COI kubadilika kinachotumika sana kwa wadudu tangu 1994 ni asilimia 2.3, yani ukimfuata msimamizi inabidi uamini nondo wako wanabadilika taratibu mara saba na zaidi kuliko wadudu wengine, na utaulizwa kwa nini. Kwa 2.3 unapata kama miaka milioni 3.9. Kuna kiwango kingine cha 2010 kilichopimwa kwa mbawakawa wa visiwa vya Ugiriki, asilimia 3.5, hicho kinakushusha hadi milioni 2.6 hivi, palepale enzi za barafu zinapoanza. Sasa hapo ndo utamu, kwamba walitengana kabla ya barafu au na barafu? Usichague moja, andika yote, kuanzia 2.6 hadi 3.9.

Afu COI peke yake usiiamini sana. Kuna bakteria anaitwa Wolbachia, anaishi ndani ya wadudu na anarithishwa na mama kama COI yenyewe, akisambaa anaiburuta COI ya ukoo mmoja hadi inaenea kundi zima na hesabu yako ya miaka inapotoka. Ongeza jeni za kwenye kiini cha seli, EF-1 alpha na wingless, uendeshe BEAST (programu ya kukadiria miaka ya kutengana) kwa saa legevu, yani isiyolazimisha kila ukoo ubadilike kwa mwendo mmoja.

MkorogweHalisi
Msisahau bonde la Lwengera, ndo linazitenga Usambara mbili. Mi napita kule kila wiki, joto lake unalijua, mdudu aliyezoea baridi ya Magamba hawezi kulivuka leo. Enzi za baridi huenda alishuka akavuka, joto liliporudi akabaki upande mmoja.

BintiChumbageni
Jamani asanteni, machozi yamenilenga. Nimeipiga ile ya 0.3 kwa mkono imetoka hivohivo, Jumatatu namfuata na karatasi, viwango vyote vitatu ubavu kwa ubavu. Mtafiti, miguu ya nondo nimebaki nayo kwenye spiriti, itafaa kwa EF-1 alpha?

MtafitiMuheza
Kama spiriti ilikuwa kali, asilimia 95 kwenda juu, itafaa. Iweke kwenye friji leo leo, joto la Tanga linaharibu haraka. Ukikwama kwenye BEAST rudi hapahapa na faili.